Bima ya umma na kinga: Nani hulipia afya kabla ya ugonjwa?

Bima ya afya ya umma nchini Kenya ilizaliwa kitandani. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1966, ilipewa kazi moja: kumlipia mwanachama gharama ya kulazwa. Mfanyakazi aliyepata zaidi ya Sh1,000 kwa mwezi alikatwa Sh20, na alipougua hata akalazwa, hazina ilimtolea sehemu ya malipo. Asiyelazwa hakuwa na dai lolote. Neno "hospitali" lilikaa ndani ya jina la hazina hiyo kwa miongo mingi, na hazina yenyewe ikapisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024.

Jina hilo si jambo dogo. Linasaidia kueleza kwa nini kinga huzungumzwa sana na kulipiwa kidogo. Kila mwanasiasa anayefungua zahanati hukariri kwamba kinga ni bora kuliko tiba, lakini bima hailipi methali. Hulipa hati ya madai. Daktari akipasua, akilaza au akisafisha damu ya mgonjwa, hati huandikwa na kutumwa. Mtu ambaye hakupatwa na kiharusi kwa kuwa shinikizo lake la damu lilipimwa mapema na akaanza dawa haandikiwi hati yoyote. Katika vitabu vya bima mtu huyo hayupo.

Figo hutoa mfano ulio wazi. SHA ilipoanza kazi, kiwango kilichowekwa cha kusafisha damu ya mgonjwa wa figo kilikuwa Sh10,650 kwa kila kikao. Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa huhitaji angalau vikao viwili kwa wiki, yaani 104 kwa mwaka, na gharama yake ni Sh1,107,600. Kwa upande mwingine, mchango wa chini kabisa wa kaya isiyo na ajira rasmi ni Sh300 kwa mwezi, ambao ni Sh3,600 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, michango ya mwaka mzima ya kaya 308 za namna hiyo humalizwa na mgonjwa mmoja. Hakuna mwenye utu atakayesema mgonjwa huyo aachwe, kwa maana bila mashine atakufa. Lakini mara nyingi figo huharibiwa na maradhi mawili yanayoweza kugunduliwa kwa vifaa vinavyoenea mfukoni: kisukari na shinikizo la damu.

Swali ni nani anayepimwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu maradhi yasiyoambukiza, uliofanywa mwaka 2015 miongoni mwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69, ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Asilimia 56 ya waliohojiwa walikuwa hawajawahi kupimwa shinikizo hilo maishani mwao. Kwa sukari ya damu hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani asilimia 88 hawakuwa wamewahi kupimwa. Kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, ambayo dalili zake za awali huonekana miaka mingi kabla haijawa ugonjwa, ni wanawake 16 tu kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 30 hadi 49 waliokuwa wamechunguzwa. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2020 saratani hiyo iliwaua wanawake wapatao 3,200 nchini Kenya.

Serikali ya uhuru haikuanza na wazo la kuwatoza watu mlangoni. Mwaka 1965 iliondoa ada ya Sh5 iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, na matibabu ya wagonjwa wasiolazwa yakawa ya bure katika vituo vya umma. Mpango huo ulidumu kwa zaidi ya miongo miwili. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, kwa uhaba wa fedha na shinikizo la wafadhili, ulianzishwa utaratibu wa wananchi kuchangia gharama, na mnamo Desemba 1989 ada zikarejea.

Kilichotokea baadaye katikati ya Nairobi kinafaa kukumbukwa na kila anayepanga bima ya umma. Kliniki ya umma ya magonjwa ya zinaa, ambayo wakazi wengi wa jiji huijua kwa jina la Casino, ilianza kutoza ada ndogo. Watafiti waliohesabu mahudhurio ya kliniki hiyo walichapisha matokeo yao mwaka 1992 katika jarida la tiba la Lancet. Katika miezi ya ada, idadi ya wanaume waliofika ilishuka hadi asilimia 40 ya ile ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Ada ilipoondolewa mwaka 1990 wanawake walirudi, tena kwa wingi kuliko mwanzo, lakini wanaume hawakufikia tena idadi ya zamani katika kipindi kilichochunguzwa.

Ikumbukwe kwamba hiyo ilikuwa miaka ambayo virusi vya Ukimwi vilikuwa vikienea jijini, na ugonjwa wa zinaa usiotibiwa hurahisisha maambukizi hayo. Kila mwanamume aliyegeuka mlangoni kwa kukosa ada, au kwa kuona aibu ya kuieleza ada hiyo nyumbani, alirudi mtaani na ugonjwa wake. Daftari la mapato ya kliniki liliandika shilingi zilizoingia. Hasara iliandikwa mahali pengine, katika miili ya watu ambao hawakujua kwamba walikuwa sehemu ya hesabu. Ndiyo sababu wataalamu wengi wa afya ya umma hushikilia kwamba huduma za kinga hazifai kudaiwa malipo pale zinapotolewa. Mtu mwenye maumivu atakopa alipe. Asiyehisi kitu hatalipia kuambiwa kwamba ni mgonjwa.

Ada zilirejeshwa tena miaka michache baadaye, kisha zikapunguzwa kwa awamu. Mwaka 2004 zahanati ziliruhusiwa kutoza Sh10 na vituo vya afya Sh20, na mnamo Juni 2013 serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ikafuta ada za vituo hivyo pamoja na malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Katikati ya safari hiyo palikuwa na jaribio kubwa la kugeuza bima yenyewe. Waziri wa Afya wa wakati huo, Charity Ngilu, aliwasilisha mswada wa bima ya kijamii ambayo ingemfikia kila Mkenya, na Bunge likaupitisha mnamo Desemba 2004. Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi. Hofu kuu ilikuwa gharama yake kwa Hazina Kuu.

NHIF iliendelea kuwa bima ya kitanda hadi muongo uliofuata. Watumishi wa serikali walipata mpango wa matibabu ya kutolazwa mwaka 2012, na mwaka huo huo kamati ya Bunge ikalazimika kuchunguza madai kwamba fedha za mpango huo zililipwa kwa kliniki ambazo hazikuwepo. Wanachama wa kawaida walifikiwa mwaka 2015, pale michango ilipopandishwa kutoka kiwango cha Sh30 hadi Sh320 kwa mwezi na kuwa Sh150 hadi Sh1,700, na wanaojilipia wenyewe wakatakiwa kutoa Sh500.

Huduma hizo mpya zililipiwa kwa kichwa: kituo kilipewa kiasi maalumu kwa mwaka kwa kila mwanachama aliyekichagua, awe ameugua au hakuugua. Kwa nadharia, huu ndio utaratibu unaoipenda kinga, kwa sababu mtu mwenye afya humwachia mwenye kliniki faida. Mazoea hayakuwa hivyo. Faida ya kumzuia mtu asipatwe na kisukari huonekana baada ya miaka kumi, ilhali mwanachama huweza kuhamia kituo kingine muda mfupi tu baadaye. Njia ya mkato ya kupata faida ni kumpa aliyekuja huduma haba: dawa mbili badala ya nne, kipimo kimoja badala ya vitatu. Malipo ya kichwa bila ukaguzi humfundisha mtoa huduma kubana, kama vile malipo ya kila tendo yanavyomfundisha kuzidisha.

Wakati huo huo, namna nyingine ya kinga ilikuwa ikistawi jijini. Katika ofisi za Upper Hill na Westlands, waajiri wakubwa walinunulia wafanyakazi wao bima za kibinafsi zenye uchunguzi wa kila mwaka. Siku za afya zikapangwa kazini, wauguzi wakaja na mizani na mashine za presha, ada za mazoezi zikalipwa na kampuni. Hakuna ubaya katika hilo. Hata hivyo, mpango wa aina hii huwafikia wale ambao tayari wana daktari, mshahara na muda wa kuulizia afya yao. Kawangware imepakana na Lavington, na Kangemi inatazamana na Loresho ng'ambo ya barabara ya Waiyaki, lakini mpaka wa kinga umepita hapo hapo. Mjakazi afanyaye kazi Lavington hupita kila asubuhi mbele ya jumba la mazoezi akiwa ametembea kwa miguu mwendo ambao wateja wa jumba hilo hulipa ili wautembee juu ya mkanda wa umeme. Huyo hakosi mazoezi. Anakosa kipimo cha presha, chakula bora na mtu wa kumfuatilia.

Sheria nne za afya zilizotiwa sahihi na Rais William Ruto mnamo Oktoba 2023 zilikusudiwa kuvuka mpaka huo. Badala ya hazina moja, ziliwekwa tatu. Ya kwanza ni Hazina ya Afya ya Msingi, inayolipia huduma katika zahanati na vituo vya afya. Ya pili ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, inayolipia hospitali, na ndimo huingia asilimia 2.75 ya mshahara wa kila mwajiriwa. Ya tatu hushughulikia dharura pamoja na maradhi sugu na mahututi, mgonjwa anapomaliza kiwango chake katika ile ya pili.

Msomaji atazame kwa makini ni mfuko upi umewekewa kinga. Elimu ya afya, vipimo vya mwanzo na uchunguzi wa magonjwa ya kawaida viko chini ya hazina ya kwanza, na hazina hiyo haitegemei michango ya wanachama. Hutegemea mgao wa Bunge kutoka kwa kodi. Uamuzi huo una hekima: mkazi wa Riruta ambaye hajalipa mchango wake bado anaweza kupimwa presha katika kituo cha afya bila malipo, mradi amejisajili na SHA. Kosa la Casino la mwaka 1989 halikurudiwa. Lakini kuna upande wa pili. Makato ya mshahara huja kila mwezi kwa nguvu ya sheria, ilhali mgao wa Bunge hushindana kila mwaka na barabara, walimu na madeni ya taifa. Tiba imepewa mkondo wa maji usiokauka; kinga imeachiwa mvua.

Tarakimu zinathibitisha hivyo. Katika viwango vya malipo vya SHA, huduma ya kutolazwa katika zahanati na vituo vya afya ilikadiriwa kwa Sh900 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na idadi imeongezeka tangu hapo. Kuwahudumia wote kwa kiwango hicho kungehitaji karibu Sh43 bilioni. Katika bajeti ya mwaka wa fedha wa 2024/25, ambao ndio SHA ilianza kazi, Hazina ya Afya ya Msingi ilitengewa Sh4.1 bilioni, yaani takriban Sh86 kwa kila Mkenya. Bajeti ya 2025/26, iliyosomwa na Waziri wa Fedha John Mbadi mnamo Juni 2025, iliipandisha hadi Sh13.1 bilioni, ambazo ni kama Sh275 kwa kila mtu. Ni hatua kubwa kwa mwaka mmoja, na bado haifiki thuluthi moja ya kiwango ambacho serikali yenyewe ilikiandika. Ni kweli kwamba si kila mtu huenda zahanati kila mwaka. Lakini kinga hasa ndiyo humtaka mtu aende akiwa mzima.

Penye upungufu huo ndipo walipo wahamasishaji wa afya ya jamii. Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru, Rais Ruto alizindua kikosi cha wahamasishaji wapatao 100,000 nchini kote na kuwakabidhi mikoba yenye mashine ya presha, kipimo cha sukari, mizani na kipimajoto. Kila mmoja huhudumia kaya zipatazo 100, akibisha hodi mlango kwa mlango. Posho yao ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kwa serikali kuu na nusu kutoka kwa kaunti. Kwa idadi hiyo, kikosi chote hugharimu Sh6 bilioni kwa mwaka, nazo hazitoki kwenye makato ya bima bali kwenye bajeti za serikali hizo mbili.

Katika mitaa ya magharibi mwa Nairobi kazi hiyo ina ugumu wake. Kaya za Kawangware hupanga chumba, huhama, na wengi wa wenye nyumba hawapo mchana. Mhamasishaji anayetaka kumkuta kijana wa mjengo au mama wa kibanda hubisha jioni au Jumapili. Akigundua presha ya juu humwandikia rufaa kwenda kituo cha afya, iwe Riruta, Waithaka au Kangemi, na hapo ndipo mnyororo hujulikana kama ni imara. Kifaa cha sukari hakifanyi kazi bila vijiti vya kupimia, navyo hutumika mara moja na kutupwa. Rufaa haina maana dawa ikiwa haipo rafuni. Mtu aliyeambiwa ana presha, akafika kituoni akaelekezwa duka la dawa, mara nyingi hufanya hesabu ile ile iliyofanywa na wanaume wa Casino.

Kinga iliyofanikiwa zaidi nchini, ambayo ni chanjo za watoto, haikupitia bima kamwe. Imelipiwa na serikali na wafadhili, na hata chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, iliyozinduliwa Mombasa mnamo Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, ilikuja kwa njia hiyo. Vivyo hivyo, sehemu kubwa ya kinga dhidi ya Ukimwi imetegemea fedha za Marekani tangu mwaka 2003. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mnamo Januari 2025, kliniki nyingi za Nairobi ziliona kwa wiki chache tu ni kiasi gani cha kinga kilikuwa kikilipwa kutoka ng'ambo.

Yapo mataifa yaliyoitafutia kinga mkondo wake wenyewe. Thailand ilianzisha mfuko wa kukuza afya mwaka 2001 kwa kuongeza asilimia 2 juu ya ushuru wa sigara na pombe, fedha ambazo huingia moja kwa moja katika mfuko bila kugombaniwa katika bajeti ya kila mwaka. Kenya nayo ina chembe ya wazo hilo katika vitabu vyake. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 iliunda mfuko maalumu, na kanuni za mwaka 2014 zikawataka watengenezaji na waagizaji wa tumbaku kuchangia asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao. Kampuni ya BAT ilipinga kanuni hizo kwa miaka kadhaa, hadi Mahakama ya Juu ilipotupa rufaa yake mnamo Novemba 2019. Uhalali wa mchango wa aina hiyo si swali tena. Lakini mfuko huo wa tumbaku hauna uhusiano na bima.

Kuna sheria moja kati ya zile nne za mwaka 2023 ambayo haikuzungumziwa sana, nayo ndiyo inayogusa zahanati kwa karibu zaidi. Ni ile ya fedha za kuboresha vituo. Baada ya ugatuzi wa mwaka 2013, mapato ya vituo vya umma katika kaunti nyingi yaliingizwa katika akaunti kuu ya kaunti, na msimamizi wa kituo akasubiri arudishiwe. Chini ya sheria mpya, fedha ambazo SHA hulipa kwa kazi iliyofanywa katika zahanati ya Lagos Road au kituo cha afya cha Kangemi zinapaswa kubaki katika akaunti ya kituo hicho, zitumike hapo hapo kununua vijiti vya sukari, dawa za presha na vifaa vya uchunguzi wa saratani, kwa mpango unaotayarishwa na kituo chenyewe na kuidhinishwa na kaunti.